Kulainisha stelingi ya pikipiki ya magurudumu matatu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya yanahusu chombo chenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma: guta na toyo za mizigo, pamoja na pikipiki za kawaida zilizokatwa nyuma na kufungiwa ekseli ya magurudumu mawili, ziwe za biashara au za wenzetu wenye ulemavu wa miguu. Malalamiko karibu yote yanafanana. Mabega yanauma, kona inagoma, na jioni mikono haishiki hata kikombe. Mara nyingi dawa ipo, ila huanza kutafutwa mahali pasipo pake.

Pikipiki hii ilikuwa nyepesi ilipokuwa na magurudumu mawili. Kwa nini sasa stelingi ni nzito?

Kwa sababu haiinami tena. Pikipiki ya magurudumu mawili unailaza kwenye kona, na gurudumu la mbele linageuka lenyewe kuufuata ule mlalo. Ukishaweka la tatu, chombo kinasimama wima muda wote, kwa hiyo kona nzima unaikata kwa nguvu za mikono.

Sasa tazama upande wa mbele. Shingo ya fremu, yaani lile bomba ambamo stelingi inazunguka, imelala kuelekea nyuma. Ukiuvuta mstari wa katikati ya shingo hadi chini, unagusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi linapokanyaga. Tairi liko nyuma ya mstari, linaburutwa, kama magurudumu madogo ya kiti cha ofisini yanavyogeuka kufuata kiti kinakoenda. Umbali kati ya alama hizo mbili tutauita mburuto. Ndio unaolirudisha gurudumu katikati ukiachia usukani. Kwenye magurudumu mawili ni rafiki yako. Kwenye matatu unapigana nao kila kona.

Mfano wa hesabu: gurudumu la mbele limebeba kilo 100, na kwenye kona ya kawaida linasukumwa pembeni kwa nguvu ya kama kilo 30. Mburuto ukiwa sentimita 10, na mkono wako ukishika usukani sentimita 35 kutoka katikati, unapaswa kusukuma kwa nguvu ya takriban kilo 8 na nusu, na uendelee kusukuma mpaka kona iishe. Punguza mburuto hadi sentimita 6, na nguvu hiyo inashuka hadi kilo 5 hivi. Mzigo ni uleule na kona ni ileile.

Nitajuaje kama tatizo ni mburuto au ni kitu kingine?

Jiulize kwanza inakuwa nzito lini. Kama ni nzito ikiwa imesimama au inatambaa tu, kisha ikitembea inalainika, mburuto si mshukiwa wa kwanza. Angalia upepo wa tairi la mbele, upana wa tairi lenyewe, na uzito ulioegemea mbele. Tairi pana lenye upepo mdogo hung'ang'ania ardhi, na hakuna kibano cha shokapu (kile kipande kinachoshika mabomba ya shokapu na kuyaunganisha na shingo, kimoja juu na kimoja chini) kitakachokuokoa hapo.

Kama ni nzito ukiwa kwenye mwendo, hasa kona ndefu ya lami, hapo mburuto una kesi ya kujibu.

Kabla ya yote, inua mbele mpaka gurudumu liache ardhi, ugeuze usukani polepole kwa vidole viwili. Uende kushoto na kulia bila kukwaruza na bila kushika mahali. Ukishika pale katikati, gololi za shingo zimekula vikombe vyake, na stelingi hiyo itakusumbua hata ungebadilisha kila kitu kingine. Ng'oa gololi, weka bearing za rola zenye umbo la koni kama saizi yake inapatikana, tia grisi, kaza mpaka mchezo uishe lakini gurudumu lianguke upande kwa uzito wake lenyewe. Shika pia miguu ya shokapu chini, uivute mbele na nyuma. Ikigonga, bearing zimelegea. Kazi hii ni ya nusu siku, na wapo wengi ambao dawa yao iliishia hapa.

Ekseli ya nyuma ina uhusiano gani na stelingi?

Mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kwenye kona, gurudumu la nje husafiri umbali mrefu kuliko la ndani. Kama ekseli yako ni chuma kimoja kilichofungwa magurudumu yote mawili bila difu (gia zinazoyaruhusu magurudumu hayo kuzunguka kwa kasi tofauti), yanalazimika kuzunguka sawa, kwa hiyo yanakisukuma chombo kiende moja kwa moja huku wewe unakilazimisha kikate. Stelingi itakuwa nzito, tairi la mbele litateleza kwenye mchanga na matairi ya nyuma yataisha haraka. Mbele usiguse kwanza. Tafuta difu.

Guta nyingi zinazotoka China zina difu tangu kiwandani. Tatizo liko kwenye pikipiki zilizogeuzwa mitaani, ambazo mnyororo unazungusha ekseli moja kwa moja. Zipo pia zinazoendeshwa na gurudumu moja tu la nyuma huku la pili likizunguka bure. Hizo hukata kona bila kugoma, lakini ukitia gesi zinavuta upande mmoja, na ukiachia zinavuta wa pili. Mtu huyo atakuambia stelingi ina tatizo, kumbe ndivyo chombo kilivyoundwa.

Nipimeje mburuto?

Unahitaji sakafu iliyo sawa, chaki, timazi, na ubao ulionyooka wa mita moja na nusu au zaidi. Simamisha chombo na mzigo wake wa kawaida, mtu akiwa amekaa juu, usukani umenyooka. Laza ubao ubavuni mwa shingo, ukiulinganisha na mstari wa katikati ya shingo juu na chini, kisha uteremshe pembeni mwa gurudumu mpaka ncha iguse sakafu. Piga chaki. Halafu shusha timazi kutoka katikati ya ekseli ya mbele, piga chaki ya pili. Pima kutoka chaki hadi chaki. Rudia upande wa pili, na kama vipimo vinapishana sana, ubao ulipinda au mkono uliteleza, au fremu yenyewe imepinda. Hilo la mwisho si jambo dogo.

Andika pia vipimo vingine vitatu: kimo cha ekseli kutoka sakafuni, pembe ya shingo (programu ya pembe kwenye simu inatosha), na umbali wa shokapu kutoka mstari wa shingo, yaani ekseli imetangulia mbele ya mstari huo kwa kiasi gani. Huo wa mwisho tuuite mtokezo. Ukiwa navyo fundi anaweza kukokotoa kabla ya kukata chuma.

Mburuto uwe kiasi gani?

Pikipiki nyingi za magurudumu mawili huwa karibu na milimita 90 hadi 120. Kwa magurudumu matatu, milimita 45 hadi 70 ni eneo zuri. Kwa chombo cha mizigo kinachopita barabara mbovu ningebaki 60 na kitu. Chini ya 40 gurudumu linaanza kukosa hamu ya kurudi katikati, na usukani unapokea kila jiwe. Sifuri ni hatari. Chini ya sifuri, yaani tairi likikanyaga mbele ya mstari, gurudumu linataka kugeuka lenyewe hadi mwisho.

Fundi anasema akate shingo aisukume mbele zaidi, kama zile pikipiki ndefu za Wamarekani. Itasaidia?

Hapana. Itazidisha tatizo, na hili ndilo kosa linaloharibu fremu nyingi kuliko yote.

Chukua gurudumu la inchi 17 lenye kimo cha milimita 285 hadi ekseli, shingo iliyolala digrii 27, mtokezo milimita 40. Mburuto wake ni takriban milimita 100. Laza shingo hadi digrii 35 bila kubadilisha vibano, na mburuto unafika 150. Umelipa pesa, umedhoofisha fremu pale inapobeba mapigo yote, na umejiongezea uzito wa stelingi kwa nusu nzima.

Kinachochanganya watu ni kwamba kwa macho kazi mbili zinafanana: gurudumu linaonekana limekwenda mbele. Lakini kulaza shingo huupeleka mstari wenyewe mbele, na kuupeleka mbali kuliko tairi linavyokwenda. Tunachotaka ni shingo ibaki ilipo, na gurudumu peke yake litangulie.

Basi ni njia gani za kupunguza mburuto?

Ya kwanza na rahisi ni kulegeza vibano na kupandisha mabomba ya shokapu kidogo, ili pua ishuke. Faida yake ni ndogo. Kwenye mfano wetu, milimita 20 zinapunguza mburuto kwa kama milimita 5 tu. Na angalia gurudumu lisije kugonga kibano cha chini shokapu zinapobonyea mpaka mwisho.

Ya pili ni kutengeneza vibano vipya, cha juu na cha chini, vyenye mtokezo mkubwa zaidi. Shokapu zinabaki sambamba na shingo, ila zinasogea mbele. Kila milimita 10 za mtokezo hupunguza mburuto kwa milimita 11 hivi. Ukiongeza 30, mfano wetu unashuka kutoka 100 hadi 67. Kwa pikipiki ndogo za cc 125 hadi 150 hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa moyo wote: inapimika kwa urahisi, mkerezaji wa kawaida anaiweza, na ikikushinda unarudisha vibano vya zamani na pikipiki inakuwa kama ilivyokuwa.

Ya tatu ni vibano vyenye pembe. Matundu yanayoshika shokapu yanatobolewa kwa mshazari, ili shokapu zilale zaidi kuliko shingo. Ndiyo njia inayotumika sana Marekani kwenye Honda Gold Wing zilizogeuzwa kuwa za magurudumu matatu, na pembe za kawaida huko ni digrii 4 hadi 6. Lakini Gold Wing ni pikipiki kubwa yenye mburuto wa milimita 109 kiwandani. Usiinakili pembe yake ukaiweka kwenye pikipiki yako. Kwa mfano wetu, kama kutoka vibano hadi ekseli ni milimita 600, digrii 3 zinakuleta kwenye 65. Digrii 5 zinakuleta kwenye 42, na bado pua itashuka kwa sababu shokapu zimelala, hivyo utapoteza milimita nyingine kadhaa. Umeshaingia eneo la hatari bila kujua.

Ya nne ni kuondoa shokapu za kawaida kabisa na kufunga mkono unaotangulia: ekseli inakaa kwenye ncha ya mkono unaochezea nyuma ya gurudumu na kuelekea mbele. Pikipiki za Ural zenye kigari cha pembeni zinatumia mfumo wa jinsi hiyo. BMW za kuanzia 1955 hadi 1969 zilikuwa na mbele ya muundo wa Mwingereza Ernest Earles, na mkono wake ulikuwa na sehemu mbili za kufungia: moja kwa kuendesha peke yake, nyingine ya kupunguza mburuto ukifunga kigari. Tatizo hili na dawa yake vilishajulikana zamani. Ni mfumo imara, pua haizami ukikamata breki, na unafaa mizigo mizito. Ila ni kazi ya mtu anayejua hesabu, na kila kiungo kinataka usahihi.

Vibano vinaweza kutengenezwa hapa kwetu?

Vinaweza. Mafundi wakerezaji wapo Gerezani pale Dar es Salaam, wapo Kariobangi Nairobi, na mikoani Tanzania ulizia karakana za SIDO au chuo cha VETA kilicho karibu. Mwambie mkerezaji mambo haya, na usiondoke mpaka uone ameyaandika.

Vibano vyote viwili vitobolewe vikiwa vimefungwa pamoja au kwa kipimo kimoja, ili mabomba ya shokapu yawe sambamba kabisa. Yakipishana hata kidogo, shokapu zitakwama zikibonyea. Ipo njia nyepesi ya kukagua: funga shokapu bila springi, zipandishe na kuzishusha kwa mkono. Ziteremke zenyewe bila kusita popote.

Chuma kitoke kwenye bamba zima. Alumini iwe ile ngumu ya kukerezwa, 6061-T6 au bora zaidi, si ya kuyeyushwa kutoka kwenye sufuria na vipuri vya zamani. Tundu likatwe ufa, libanwe na bolti za daraja 8.8 au zaidi, mbili kwa kila mguu kwenye kibano cha chini. Mhimili wa stelingi uingie kwa kubanwa na mashine ya presi kisha ufungwe kwa nati.

Si rahisi zaidi kuchomelea kipande kwenye vibano vilivyopo?

Ni rahisi, na ndiyo maana kinakatika. Vibano vingi vya kiwandani ni vya kumimina, na moto wa kuchomelea hukiacha chuma cha jirani na wepesi wa kupasuka. Ufa huanzia pembeni mwa ule mshono, ndani, chini ya rangi, na huuoni mpaka siku unakamata breki ukiwa na mzigo. Mtu anayebeba abiria au watoto wake kwenye chombo cha namna hiyo aache leo. Vivyo hivyo kwa kurefusha mabomba ya shokapu kwa kuchomelea.

Usukani mpana unasaidia?

Ndiyo, na ni wa bei nafuu kuliko yote hapo juu. Usukani wa sentimita 70 ukibadilishwa kuwa wa 84, nguvu unayotumia inapungua kwa kama moja ya sita. Hakikisha waya za klachi, gesi na breki zinafika ukigeuza mpaka mwisho pande zote mbili. Waya wa gesi ukivutika kwenye kona, injini inanguruma yenyewe, na hapo ndipo ajali inapoanzia.

Nimepunguza mburuto, sasa usukani unatikisika nikifika kilomita 30 kwa saa. Nimeharibu?

Si lazima. Mtikisiko wa mwendo mdogo, hasa unapopunguza gesi kati ya kilomita 20 na 50 kwa saa, ni tabia ya magurudumu matatu, na mburuto mdogo huufanya ujitokeze. Angalia rimu kama imepinda, spoku zilizolegea, tairi lililoisha upande, na bearing za shingo. Vikiwa vizuri na bado unatikisika, funga kizuia mtikisiko: shokapu ndogo ya kulala, ncha moja kwenye fremu, nyingine kwenye kibano cha chini. Isifike mwisho wake kabla stelingi haijafika mwisho, vinginevyo yenyewe ndiyo itakuwa inazuia kona. Kama mtikisiko unaongezeka kadiri unavyoongeza mwendo badala ya kuisha, simama na urudi kupima. Mburuto umepunguzwa kupita kiasi.

Mzigo unaathiri vipi?

Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, pua inanyanyuka na stelingi inakuwa laini kama imetengenezwa. Usidanganyike. Gurudumu la mbele halishiki barabara, na kwenye mlima au mchanga utageuza usukani na chombo kiendelee kunyooka. Ukiupeleka mbele sana, mikono inaumia. Panga magunia ili uzito mkubwa uwe mbele kidogo tu ya ekseli ya nyuma, na ya chini yawe mazito. Wengi wanapakia kwa kujaza kwanza kule nyuma kwenye mlango wa bodi kwa sababu ndiko rahisi kufikia.

Mwendeshaji ana ulemavu wa miguu na mikono haina nguvu nyingi. Tuanzie wapi?

Anzeni na yeye mwenyewe akiwa amekaa. Urefu wa kiti na umbali wa usukani ni sehemu ya stelingi: viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo anasukuma kwa bega, vikiwa vimenyooka anasukuma kwa mgongo na anachoka mapema. Huyu ndiye wa kumfikishia mburuto kwenye 50 hivi, pamoja na usukani mpana, difu, na kizuia mtikisiko tangu siku ya kwanza, kwa sababu hana miguu ya kujikaza usukani ukipiga. Breki zote zihamishiwe mkononi, na apewe muda wa kujifunza upya uwanjani. Stelingi nyepesi kwa mtu aliyezoea nzito hukata kona zaidi ya alivyokusudia.

Zile zenye magurudumu mawili mbele, kama Can-Am Spyder?

Hizo ni habari nyingine kabisa. Mbele yake imejengwa kwa mikono na viungo kama gari, na Spyder ina msaada wa umeme kwenye stelingi. Hesabu za hapa hazifanyi kazi kwake.

Nitaijaribuje baada ya kazi?

Uwanja mtupu, bila mzigo, kofia kichwani. Kabla injini haijawaka, geuza usukani mpaka mwisho kila upande: vizuizi vya stelingi viguse kabla shokapu hazijagonga tangi, na mpira wa breki usivutike. Kisha duara pana kwa mwendo wa kutembea, halafu kilomita 20, 30, 40, ukilegeza mikono bila kuiachia. Kamata breki ya mbele taratibu na usikilize kama kuna mlio wa chuma kugonga. Rudia na nusu ya mzigo, kisha mzigo kamili. Baada ya siku chache za kazi kaza bolti zote za vibano upya kwa spana ya kipimo, ufute vumbi na kuangalia kama rangi imepasuka popote. Ukiona mstari mwembamba wa kutu unatokea pale ambapo rangi ilikuwa nzima, usiendeshe.

Sheria inasemaje?

Kadi inayosema pikipiki ya magurudumu mawili haiendani na chombo chenye matatu, na kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa kwa sababu hiyo peke yake. Tanzania usajili wa vyombo vya moto uko TRA, Kenya uko NTSA. Nenda ukaulize kabla ya kukata chuma, ukiwa na mchoro na jina la karakana itakayofanya kazi. Tunza risiti na vibano vya zamani, kwa sababu mkaguzi anaweza kutaka kuona kilichobadilishwa.